Kuhusu nyimbo za kurudilia: muniachie miye muuza kaseti niseme

Bwana Muhariri,

Jambo kwako na kwa wote wenye kusoma gazeti hili, hata wale wanaosomea juu ya bega la mwenzao mu bisi ya Katuba. Miye niko muuza muziki. Nilianza na kaseti mwaka wa 1991, kaseti zikafa, nikauza CD, CD nazo zikafa, leo niko naweka watu nyimbo mu flashi na mu kadi za telefoni, falanga ni kidogo lakini kazi ni ile ile, vyombo tu njo vinabadilika. Naandika juu ya ile habari yenu ya ukurasa wa muziki, ile yenye ilimupiga fimbo kijana mumoja wa hapa mujini Lubumbashi sababu alitoa nyimbo sita za wazee wa gita wa Katanga, mukasema kama mwanamuziki mwenye kurudilia nyimbo za watu, ni kusema kuimba tena zile zilitungwa na wengine, ni mutu ameishiwa, akili imekauka, anakula jasho ya marehemu. Nilisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikafunga kioski mbele ya saa, kitu chenye sifanyagi hata siku ya mechi ya Mazembe, nikaenda nyumbani kutafuta kalamu.

Sikatai yote mulisema, nitafika pale. Kwanza muniache niwaambie mambo ya shofele mumoja wa Tanzania.

Mashofele wa kutoka Dar wanafika huku kila siku, wanapita Tunduma, Nakonde, wanakata Zambia mpaka Kasumbalesa, na mutu akijua ile foleni ya Kasumbalesa vile inalala, kamiyo nyuma ya kamiyo, mutu anapika, anafua nguo, anazikausha juu ya kioo, basi ataelewa sababu gani mutu wa kazi ile anahitaji muziki mwingi kuliko padri. Huyu alikuja na flashi ya 16 GB, vumbi nyekundu mpaka mu nyusi, akaniambia, "Mzee wangu, hebu nijazie Don." Hakusema Don nani. Kwa mashofele Don ni mumoja, Don Williams, ile sauti ya baba mwenye hajawahi kupayuka mu nyumba yake, mwimbaji wa kantri, ule muziki wa gita wa mashambani kule Marekani, mutu wa Texas mwenye alifika mpaka Harare mwaka wa 1997 akaimba, na alipokufa mwezi wa 9 mwaka wa 2017 miye niliweka nyimbo zake mu kadi za watu mpaka betri ya mashini ikazima.

Nikatafuta mu mashini, nikamuanzishia It Must Be Love. Akafunga macho. Kisha akafungua jicho moja.

"Mzee, huyu siyo Don."

Nikaangalia jina ku kioo, kweli, ilikuwa Alan Jackson, nilibofya vibaya. Nilitaka kubadilisha akanishika mukono. "Acha, acha iishe kwanza. Siyo Don, ila huyu amepiga hodi kwa Don kabla ya kuingia."

Pale pale ule mutoto mwenye ananisaidia, ana miaka 19, akauliza, "Papa, sasa huyu Don njo aliiga Alan?" Tulicheka na shofele mpaka machozi, mutoto akanuna siku nzima. Lakini usiku nikiwa nalala niliona kama hatukufanya vizuri kumucheka, juu yeye alikuwa ameingia kupitia mulango wenye alikuta wazi. Wiki ile yote nilimusikia anatafuta Don mwenyewe, kutoka kwa Don akafika kwa Charley Pride, kutoka kwa Charley Pride akaanza kuniuliza maswali yenye sikuwa na jibu lake, ikabidi mutoto wangu mukubwa atusomee ku intaneti. Hivi mambo ninaandika hapa mengine nilijua tangu zamani, mengine nilijifunza juu ya swali la kijinga la ule mutoto.

Haya, Alan Jackson. Alizaliwa mwaka wa 1958 ku Newnan, mu Georgia, Marekani kusini. Alipofika Nashville kutafuta maisha ya muziki alianzia kazi ya kugawa barua mu ofisi za televisheni. Miaka ya 90 akawa mutu mukubwa kabisa wa kantri, na munisikie vizuri hapa, nyimbo zake nyingi zenye zilimupandisha alitunga yeye mwenyewe. Si mutu ameishiwa. Mutu mwenye kisima mu nyumba yake akitoka na ndoo kwenda kuchota kwa jirani, muulize kwanza anaendea nini, musiseme tu kisima kimekauka. Tarehe 26 mwezi wa 10 mwaka wa 1999 akatoa albamu yenye inaitwa Under the Influence, nyimbo 12, na hakuna hata moja yenye alitunga. Zote za wakubwa wake, zile alikuwa anasikiliza mu redio akiwa kijana, nyingi za miaka ya 60, 70 na mwanzo wa 80. Jina lenyewe liko na mchezo ndani, ni maneno ya polisi wa kule juu ya shofele mwenye ameendesha akiwa amekunywa, lakini ni vilevile kusema mutu mwenye wakubwa wake wamemuingia mu damu. Hivi anakubali mwenyewe, ku kartoni, mbele ya kuulizwa, kama amelewa wazee.

Ndani mule kuna nini? Kuna Pop a Top, wimbo wa mulevi mwenye anaomba mwenye baa amufungulie ingine, Jim Ed Brown aliuimba mwaka wa 1967, na unasikia kabisa kopo la bia linafunguliwa, tsss, wateja wangu wote wanacheka pale. Kuna Farewell Party ya Gene Watson, wimbo wa mutu mwenye anawaza siku ya kuzikwa kwake mwenyewe, na Gene Watson aliimba ule wimbo mpaka orkestre yake ikachukua jina la ule wimbo. Kuna mbili za Merle Haggard. Kuna za George Jones, kuna ya Hank Williams Junior, kuna It Must Be Love ya Don yenyewe, Bob McDill njo mutunzi, Don aliipeleka namba 1 mwaka wa 1979 na Alan akairudisha namba 1 tena mwaka wa 2000. Wimbo ule ule, miaka 21 katikati. Muandishi wenu ananiambia kama ni uvivu. Basi na miye ningependa kuwa muvivu wa namna ile.

Na kuna Kiss an Angel Good Mornin', ya Charley Pride, ya mwaka wa 1971. Hapa munisamehe nitakawia kidogo.

Baba yangu alikuwa mutu wa fonderi, kiwanda cha kuyeyusha shaba. Wote wenye mulikomalia mu Lubumbashi munajua kusema "mutu wa fonderi" ni kusema nini, ile harufu mu nguo yenye haitoki hata mama akichemsha maji mara ngapi, ule moshi, ule mulima mweusi wa takataka za shaba kule, na mutu akirudi kazini anakaa kwanza inje dakika kumi bila kusema na mutu. Alikuwa na kaseti moja ya Charley Pride yenye mujomba wangu alimuletea kutoka Ndola. Hakujua Kiingereza hata kidogo. Alikuwa anaimba "kisenjo gudi moni" akiwa ananyoa ndevu, na mama anamujibu kutoka jikoni, "Chai imepoa." Kaseti ile ilikatika mara nyingi, na nilijifunza kazi yangu pale, kufungua vis ndogo, kuunganisha utepe na kipande cha skochi, kuzungusha na kalamu ya bic mpaka ukaze vizuri, usikaze sana. Mpaka anakufa baba alifikiri Charley Pride ni Muzungu. Na hakuwa peke yake, juu hata kule Marekani kampuni ilituma diski zake za kwanza ku maredio bila picha, watu wakapenda sauti mbele ya kujua kama mwenye kuimba ni mutu mweusi, mutoto wa Sledge, Mississippi. Sasa sikilizeni hii yenye nilijua juzi tu: Charley Pride, mbele ya kuwa mwimbaji, alifanya kazi mu fonderi. East Helena, mu Montana, mu kiwanda cha kuyeyusha madini, huku anachezea timu ya baseball ya kiwanda. Baba yangu aliimba miaka yote wimbo wa mutu wa fonderi mwenzake na hakujua. Charley Pride alikufa mwezi wa 12 mwaka wa 2020, Covid. Niliposomewa ile ya East Helena nilitoka inje, nikakaa pale baba alikuwa anakaa.

Sasa kama Alan Jackson hakurudilia ule wimbo, ule mutoto wangu wa kioski angeanzia wapi kuuliza Charley Pride ni nani? Na miye ningejua saa ngapi?

Munaweza kusema, sawa, ni mutu mumoja, ni bahati. Hapana. Kule kwao ni mila. Huyu Merle Haggard mwenye Alan alirudilia nyimbo zake mbili, naye mwaka wa 1969 alitoa diski mbili mu kartoni moja, zote nyimbo za Jimmie Rodgers, mutu mwenye alikufa na kifua kikuu mwaka wa 1933, Haggard hata hajazaliwa. Willie Nelson naye mwaka wa 1977 akafanya diski nzima ya nyimbo za Lefty Frizzell. Ray Charles, mutu mweusi wa soul, kipofu, mwaka wa 1962 alichukua nyimbo za kantri akaziimba kwa namna yake na diski ile ikauzwa mpaka ikawashangaza hata wenye kantri. Wanapokezana vile watu wanapokezana mutoto mu kanisa, huyu akichoka mwingine anabeba.

Na huyu Jimmie Rodgers, munajua sauti yake ilifika wapi? Ilifika Kenya mu gramafoni. Mwaka wa 1950 mutu mwenye anaitwa Hugh Tracey alikuwa anazunguka Afrika na mashini ya kurekodi, akakuta wasichana wa Kikipsigis wana wimbo wao wa kinubi wa kumuita "Chemirocha", ni jina la Jimmie Rodgers vile walilisikia. Njo Tracey yule yule, miaka miwili tu nyuma ya ile, mwaka wa 1952, alifika hapa kwetu, Jadotville, Likasi ya leo, akakuta kijana mwenye gita barabarani, Mwenda Jean Bosco, akamurekodi wimbo wake Masanga. Munaona vile kamba inapita? Rodgers, Haggard, Alan, upande mumoja. Upande mwingine ile mashini moja, kutoka kwa wasichana wa Kipsigis mpaka kwa Mwenda wetu. Sisemi Mwenda aliimba kantri, hapana, Mwenda ni Mwenda. Nasema tu wimbo hauombagi pasipoti.

Lakini tofauti iko pale kamba inafika kwetu: inakatika. Na hakuna mwenye anaunganisha na skochi.

Mwenda alipiga gita kwa vidole viwili, kidole gumba na cha kuonyesha, na mutu akisikia anaapa kama ni watu wawili wanapiga. Mwaka wa 1969 alisimama ku Newport, Marekani, ile festivali kubwa. Alikufa mu aksida ya barabara mwaka wa 1990, mwaka mumoja mbele yangu kufungua kioski, hivi nilianza kuuza kaseti zake akiwa marehemu tayari na wazee walikuwa wananunua wakiwa kimya. Edouard Masengo vilevile, Losta Abelo vilevile, sauti zenye ukisikia unaona barabara za Elisabethville, Lubumbashi ya zamani, lampadere, baiskeli, mutu na koti. Leo kwa wiki nzima mu kioski yangu wanaoomba Mwenda ni watatu, na kati ya wale watatu mumoja ni Muzungu wa shirika. Rumba ya Kinshasa, nyimbo za Nigeria, bongo flava, nyimbo za Mungu, hizo siku nzima, na miye siteti, njo zinalipa nyumba.

Sasa nifike kwa kijana wenu.

Kiangazi cha mwaka uliopita nilialikwa feti ya ndoa mu Kamalondo. Orkestre ilipiga, watu wakacheza, saa ya kula ikafika, wanamuziki wakaenda ku sahani, akabaki kijana mumoja na gita ya mbao, bila kipaza sauti, anapiga tu vile mutu anakuna kichwa. Nilikuwa na mufupa wa kuku mukononi. Nikasikia Masanga. Si vizuri sana, munanisikia, kidole gumba chake kilikuwa kinachelewa, mahali Mwenda anateleza yeye alikuwa anapanda ngazi, lakini ilikuwa yenyewe. Pale upande wa wazee nkambo mumoja, mama mwenye kitambaa cha bluu, mwenye tangu mchana hakuongea na mutu, akachukua chupa ya Fanta, akamimina yenye ilibaki mu kikombe cha mujukuu wake, akachukua kijiko, akaanza kupiga ile chupa. Tin-ti-tin, tin-ti-tin. Vile walikuwa wanapiga zamani nyuma ya gita. Hakuangalia mutu. Kijana akasikia, akageuka, na pale pale kidole gumba kikaacha kuchelewa. Chupa ilimubeba. Nimeuza muziki miaka zaidi ya 30 na sijaona somo la muziki fupi kama lile.

Nilimufuata baadaye, nikamuuliza, mutoto, ulijifunza kwa nani. Akaniambia bila haya, "Kwa telefoni, papa. Iko Muzungu mumoja anafundisha ku video, anaonyesha vidole polepole." Bwana Muhariri, nilikaa chini. Mutoto wa Kamalondo anajifunza Mwenda kwa Muzungu mu telefoni, juu mu Lubumbashi nzima hakupata mutu wa kumuonyesha, ao walikuwepo lakini hakuna diski yenye ingemufanya aulize yuko wapi. Na huyu kijana akichukua falanga zake za mifukoni akarekodi nyimbo sita, munamuita mukula jasho ya marehemu.

Mambo ya jasho, tuhesabu basi, juu miye ni mutu wa kuhesabu. Kule Marekani sheria inasema wimbo ukiisha kutolewa, mwingine anaweza kuurudilia ku diski, lakini kwa kila nakala mwenye wimbo analipwa. Mwaka ule wa 1999 ilikuwa senti 7.1 za dola kwa wimbo. Utasema senti saba ni nini, hata pipi hununui. Albamu ile ilipata platini, ni kusema nakala milioni 1. Piga hesabu: wimbo mumoja, dola 71,000, zinaenda kwa mutunzi na kwa wenye haki zake. Mutunzi wa Pop a Top, Nat Stuckey, alikuwa amekufa tangu mwaka wa 1988. Wimbo wake ukaamuka miaka 11 kisha kufa kwake na ukarudi na falanga. Sasa nani anakula jasho ya nani pale? Siye huku hesabu haiendi hivyo, ninajua, na siye wenye kuweka nyimbo mu flashi tuko wa kwanza kwa ile dhambi, sijifichi. Lakini dawa yake si kukataza watoto wasiimbe.

Na heshima si falanga tu. Mwezi wa 9 wa mwaka ule ule wa 1999, wiki chache tu mbele ya albamu kutoka, kulikuwa sherehe ya zawadi za CMA, chama cha muziki wa kantri, pale Nashville. Muzee George Jones, mwenye mwezi wa tatu alikuwa amepona aksida mbaya ya gari, wimbo wake Choices ulikuwa kati ya zile za kushindania zawadi, lakini waandaaji wakamuambia aimbe kipande tu, si wote. Muzee akakataa, akabaki nyumbani. Saa ya Alan ikafika, alikuwa aimbe Pop a Top, akaanza vizuri, katikati akawakatiza wapigaji, akaingia mu Choices ya muzee, akaimba, akatoka, akaenda zake. Watu wakasimama. Televisheni ya moja kwa moja, nchi nzima inaangalia. Mutu mwenye kuimba nyimbo za wakubwa juu ameishiwa hafanyagi vile, yule ni mutu anajua deni lake. Na George Jones alipokufa mwaka wa 2013, Alan njo aliimba ku mazishi.

Basi sitaki mufikiri miye napenda kila kitu mule. Wimbo wa mwisho, Margaritaville, wenye aliimba pamoja na Jimmy Buffett mwenyewe, kwangu ni kama kukuta ananasi mu bukari, ule ugali wetu. Si mubaya, lakini ulifuata nini pale? Na sehemu zingine Alan ana heshima mpaka inazidi, anaweka kila kitu pale kilikuwa, ile gita ya chuma ya kulalisha yenye inalia kama mutu, violini, zote mahali pake, mpaka unajiuliza kama angemwaga chumvi yake kidogo angekatazwa na nani. Shofele wangu hakukubali. Alisema nyumba ya mutu haubadilishi viti. Tulibishana mpaka flashi ikajaa.

Nilisema nitafika pale muandishi wenu alisema kweli. Ni hapa.

Katikati ya miaka ya 90 mwimbaji mumoja wa hapa, simutaji, alitoa kaseti, ikauzwa vizuri, hata miye nilipata unga wa nyumba juu ya kaseti ile. Siku moja akaja mama muzee, kanga ya kufiwa, akaomba kuiona. Nikamupa. Hakujua kusoma, akanirudishia, akaniambia, "Mwanangu, ile wimbo ya pili ya upande wa kwanza, wameandika ilitungwa na nani?" Nikasoma. Ilikuwa jina la mwimbaji. Nikamusomea. Akanyamaza. Akauliza tena, "Soma vizuri, hakuna jina lingine?" Nikageuza kile kikaratasi, nikasoma mpaka namba ya telefoni ya studio, hakuna. Ulikuwa wimbo wa bwana yake. Alifungua fundo ya kanga, akahesabu falanga, nikakataa, nikamuambia beba tu mama, akaziweka juu ya meza, zote, bei kamili, akaenda na kaseti. Tangu siku ile, ukiniletea wimbo wa kurudilia bila jina la mwenyewe, siuweki mu mashini yangu.

Njo maana nilipopata CD ya kijana wenu kitu cha kwanza nilifanya si kusikiliza, nilifungua kartoni. Nyimbo sita. Mbele ya kila wimbo jina la mutunzi, na mbili zenye mupiga chapa alisahau, ameandika kwa bic, mukono wake mwenyewe, ku kila nakala. Niko nazo tano hapa ku kioski, nimekagua zote tano. Muandishi wenu aliandika mistari arobaini na nne juu ya CD ile, nilihesabu, na ile bic hakuiona, na jina la Mwenda alikosa kulitaja hata mara moja.

Kama anataka kulinganisha, aje. Mwenda wa kaseti ninaye, kaseti tatu, moja imepasuka kona lakini inaimba, Alan ninaye, Don ninaye, kijana ninaye, nitamuwekea yote mu flashi bila falanga, alete tu flashi yake juu yangu zote ziko na mashofele. Niko nyuma ya soko ya Katuba, upande wa washonaji, uliza muuza kaseti, wanaitaga vile mpaka leo. Akute umeme umekatika, ngoja saa kumi unarudi. Chupa ya Fanta nayo iko.

Muuza kaseti,
Katuba, Lubumbashi